Neno Moja katika Kifungu cha Kumi na Nne

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni mwoka mikate. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu siku hizi watu wakija kumtafuta hudhani watamkuta ofisini, mama wa suti na miwani. Humkuta amefunga aproni, unga umempanda hadi kwenye nyusi, anagombana na tanuri la umeme alilolinunua likiwa tayari limechoka. Wakisema, "Samahani, tunamtafuta yule mama wa mambo ya sheria," yeye hujibu, "Subirini nitoe trei hii."

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu linatazamana na la kwake, katika barabara ya majumba ya ghorofa moja moja, chini biashara, juu makazi. Tuko wafanyabiashara themanini na sita hapo: washonaji, wasusi, mafundi viatu, mafundi simu, wapiga chapa. Tuna chama chetu, na mwenyekiti wetu ni mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa sauti nzito na mkono mwepesi wa kusalimia wakubwa. Wifi alichaguliwa kuwa katibu siku ambayo hakuja mkutanoni. Kazi isiyotakiwa humwangukia asiyekuwepo kujitetea.

Nami nikiri: aliyelitaja jina lake ni mimi. Wakati huo tulikuwa tunasalimiana shingo upande. Nilimwona mtu wa kujifanya anajua, kila jambo lazima aulize kwa nini. Nikasema moyoni, haya, nenda kaulize huko.

Makatibu waliomtangulia waliandika nani kahudhuria na nani kachelewa, basi. Yeye, mkutano wake wa kwanza, alinyanyua mkono. "Sheria zinazotuhusu sisi, hutufikia kwa njia gani?"

Mwenyekiti akacheka. "Hutufikia askari wa manispaa akija kufunga mlango!"

Tukaangua kicheko sote. Yeye hakucheka. Aliandika kitu daftarini.

Kuanzia wiki ile, kila Ijumaa mikate ikishatoka, alivua aproni akaenda kwa miguu hadi duka la mpiga chapa wa serikali kununua Gazeti la Serikali, lile lenye herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Akalisoma kaunta, kalamu ya buluu mkononi, huku akihudumia wateja. Katika daftari lake alichora mistari: jina la muswada, umefika hatua gani, unamgusa nani kati yetu. Miezi ikapita bila kitu cha kutugusa. Ulikuja muswada wa bandari, ukaja wa mifugo, ukaja wa mirathi. Watu wakampachika jina la Bi Kifungu. Fundi viatu, tunayemwita Soli, alikuwa akipita mlangoni kwake na kupaza sauti, "Bi Kifungu, leo serikali imesemaje kuhusu bei ya kisigino?" Yeye humjibu, "Kisigino chako bado hakijajadiliwa, kiko salama."

Sasa, mwaka uliotangulia kulitokea moto upande mwingine wa mji. Ghala la vitambaa liliungua chini, na juu yake walikuwa wamelala watu. Waliokufa walikuwa saba, watoto wakiwemo. Tulilia nao kwa sababu majumba yale yalikuwa kama yetu. Serikali ikaahidi sheria, nasi tukasema ni haki.

Ijumaa moja wifi akavuka barabara na gazeti mkononi. Nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja.

"Wifi, pasi yako hiyo inafika nyuzi ngapi?"

"Joto? Nijuaje? Mia mbili labda."

"Basi sikiliza." Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Muswada wa usalama wa majengo, kifungu cha kumi na nne: hakuna mtu atakayeendesha biashara inayotumia moto, joto au kemikali katika jengo ambalo sehemu yake yoyote ni makazi. Kisha akarudi kurasa za mbele, kwenye tafsiri ya maneno. Joto, kwa mujibu wa muswada ule, ni kifaa chochote kinachozidi nyuzi sitini.

Sikuelewa mara moja. Nilitazama pasi, nikatazama dari, ambako nilisikia mpangaji wa juu akiburuta kiti.

"Una maana mimi nitafungwa duka kwa sababu ya pasi?"

"Wewe kwa pasi. Mimi kwa tanuri. Wasusi kwa mashine ya kukaushia nywele, fundi simu kwa ile risasi anayoiyeyusha kuunganishia nyaya. Soli kwa gundi, maana hiyo ni kemikali." Akakunja gazeti. "Nimehesabu. Kati ya themanini na sita, wanaobaki ni kumi na mmoja."

Nilikaa juu ya kiti cha cherehani, na pasi ningeisahau juu ya suruali ya watu kama si yeye kuinyanyua.

Mkutano uliitishwa siku ya pili, katika chumba cha nyuma cha duka la mwenyekiti, tumekaa juu ya mifuko ya saruji. Kelele zilikuwa za sokoni. Wengine walitaka tufunge maduka tuandamane. Wengine walitaka muswada wote utupwe. Mwenyekiti alisubiri tuchoke, akasimama.

"Ndugu zangu, haya mambo hayaendi kwa karatasi. Yanaenda kwa watu. Kuna mkubwa mmoja namfahamu. Twende watu watano, tumwone, tuzungumze naye kiutu uzima."

Makofi. Wifi akanyanyua mkono.

"Mwenyekiti, nendeni, siwazuii. Ila muswada umeshasomwa mara ya kwanza, sasa uko kwenye kamati ya Bunge. Kamati inapokea maoni ya wananchi kwa maandishi, na anayeandika anaweza kuitwa azungumze. Naomba ruhusa ya chama niandike."

"Andika, mama, andika. Kalamu hainyimwi mtu."

"Na jambo la pili. Sitaandika kwamba tunaukataa. Watu saba walikufa. Kuna vifungu humu vya kizimia moto na vya nyaya za umeme. Hivyo ni vizuri, nitasema vibaki."

Hapo ndipo aliposhambuliwa. Soli alisimama akasema katibu anataka kututia gharama badala ya kututetea. Mwingine akamwuliza analipwa na nani. Nilimtazama. Alifunga daftari lake.

"Silipwi," alisema. "Mimi watoto wangu wanalala juu ya tanuri langu."

Ruhusa akapewa, kwa tofauti ya kura chache.

Ujumbe wa mwenyekiti ulikwenda, nasi tukausubiri kama mvua. Walikaa kwenye kochi la mapokezi kutwa nzima. Jioni mkubwa akatoka, akawashika mikono, akapiga nao picha, akasema, "Nimelisikia, nitalishughulikia." Picha ilibandikwa ukutani kwenye duka la mwenyekiti. Kuhusu kifungu cha kumi na nne hatukusikia tena neno.

Wifi yeye alinijia asubuhi na futi ya kupimia. "Wifi, wewe una jicho la vipimo. Twende."

Mpaka leo sijui kwa nini nilifunga duka nikamfuata. Labda ni aibu ya kumtaja jina siku ile. Tulizunguka mlango kwa mlango siku tisa. Tuliuliza maswali yale yale kila chumba: unatumia kifaa gani, kimewahi kuwaka moto, nyaya zina umri gani, una milango mingapi, ukipiga kelele hapa wa juu atasikia? Mimi napima, yeye anaandika. Tulipata kwamba katika miaka kumi moto ulikuwa umetokea mara nne, na mara zote nne chanzo kilikuwa nyaya mbovu. Hakuna pasi wala mashine ya nywele iliyowahi kuunguza jumba. Lakini tulipata na la kutisha. Majumba hamsini na matatu yalikuwa na ngazi moja tu, na ngazi hiyo ilitokea dukani. Moto ukiwaka chini, wa juu hawana pa kupita.

Tulipofika kwangu, aliuliza, "Mlango wako wa nyuma uko wapi?"

Nilionyesha. Ulikuwa nyuma ya marobota ya vitambaa, yamepangwa hadi juu, miaka sita hayajasogezwa.

Aliandika. Afadhali angenigombeza.

Tulimtembelea pia mzee mmoja aliyestaafu kazi ya zimamoto, akatusomea hesabu zetu mstari kwa mstari na kutusahihisha. Mwisho alitutazama juu ya miwani. "Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja," alisema. "Hawajawahi kuja kwangu wafanyabiashara kuuliza. Huja kuomba nisiwaandikie kosa." Wifi akamwomba aandike jina lake chini ya taarifa yetu. Akaandika, kwa mwandiko wa shule ya zamani.

Taarifa ilikuwa kurasa sita, kwa sababu wifi alikataa kabisa ifike saba. "Waheshimiwa nao ni watu," alisema, "ukurasa wa saba watasinzia."

Tuliipeleka, tukajibiwa kwamba tutaitwa kuzungumza, na tangu hapo kila asubuhi saa tatu alimpigia simu katibu wa kamati. "Shikamoo, ni yule wa mikate. Ratiba yetu haijabadilika?" Mwanzoni yule bwana alikuwa anajibu kwa kukata maneno. Baada ya wiki mbili alikuwa anacheka kabla hajasalimiwa. Na ni simu hiyo iliyotuokoa, maana kikao kilichotangazwa kuwa Jumatano kilirudishwa nyuma hadi Jumatatu, na tangazo lilibandikwa kwenye ubao mmoja tu, ndani ya jengo lenyewe. Vyama vingine viwili vilikuja Jumatano vikakuta viti vimepangwa juu ya meza.

Jumatatu hiyo nilikwenda naye. Nilimshonea gauni la rangi ya kijivu, kola ndogo, bila mbwembwe, na nikamkagua kucha kama mtoto wa shule, maana unga una tabia ya kujificha humo. Kaka yangu alibaki na tanuri. Wakati tunaondoka alimwambia mkewe neno moja tu, "Usiharakishe." Yeye ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyahesabu.

Tuliingia katika jengo la kamati kupitia geti la pembeni, kwa sababu lile kubwa ni la waheshimiwa. Uani, nyuma ya kibanda cha mlinzi, niliona kamba ya nguo, na juu ya kamba sare ndogo za shule zimeanikwa. Nikaziona tu kama mshonaji anavyoona nguo. Pindo moja lilikuwa limefumuka.

Chumba kilikuwa na meza ndefu ya nusu duara, vipaza sauti, na kwenye kona birika kubwa la umeme likitoa mvuke kwa ajili ya chai. Waliotutangulia walikuwa wenye viwanda vikubwa, na mawakili wao wawili, na majalada yenye utepe. Walizungumza nusu saa. Sisi tulipewa dakika tano.

Wifi alisimama. Mikono aliishikilia nyuma, nikaona vidole vikifinyana. Sauti ilianza chini, halafu ikapata njia yake. Hakulalamika. Alisema sisi ni nani, tumepima nini, tumepata nini. Mzee wa zimamoto, aliyekubali kuja nasi, alikuwa amekaa nyuma yetu, na jina lake lilipotajwa waheshimiwa wawili waligeuka kumtazama.

Mheshimiwa mmoja, mwenye sifa ya ukali, akamkatiza. "Nyinyi wafanyabiashara kila sheria mnaipinga. Watu wakifa mnalia, sheria ikija mnalia."

"Mheshimiwa, hatukuja kuipinga," wifi alisema. "Tumekuja kuomba iongezwe."

Yule mheshimiwa akaweka kalamu chini. "Iongezwe nini?"

"Humu hakuna panaposema kuhusu mlango wa pili. Tumepima majumba hamsini na matatu yenye njia moja ya kutokea. Mkituhamisha sisi na pasi zetu, atakuja mwingine auze magodoro, ambayo hayana joto, na sheria itamruhusu. Siku nyaya zikiwaka, wa juu watakufa vile vile. Tunaomba sheria itulazimishe kuwa na njia ya pili. Itatuumiza sisi wenyewe, najua. Hata wifi yangu huyu hapa itamwumiza."

Watu wakanitazama. Nilitamani kuingia chini ya kiti.

Mwanasheria wa serikali aliyeandika muswada akaomba kueleza. Alisema neno joto limeachwa pana kwa makusudi, kwa usalama, na kwamba mtu mwenye busara hawezi kulitumia vibaya. Hapo ndipo macho yangu yalipoangukia birika, na zile sare zikanijia kichwani. Nikachana kipande cha karatasi, nikaandika, nikampenyezea wifi mkononi.

Akakisoma. Akanitazama, kisha akamgeukia mwenyekiti wa kamati. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuuliza. Katika jengo hili, kuna mtu anayeishi?"

Mwenyekiti wa kamati akamtazama katibu wake. Katibu akakohoa. "Mlinzi, Mheshimiwa. Yeye na familia yake. Wana vyumba viwili huku nyuma."

"Na birika lile," wifi alisema kwa upole kabisa, "linazidi nyuzi sitini?"

Kilianza kicheko kimoja mwisho wa meza, kikasambaa kama maji yaliyomwagika. Yule mheshimiwa mkali ndiye aliyecheka mwisho na kwa sauti kuliko wote, hadi akatoa leso. Mwanasheria wa serikali naye alitabasamu, akainama, akaandika kitu pembeni ya karatasi yake. Mwenyekiti wa kamati akasema, "Mama, dakika zako tano zimekwisha. Nakuongezea kumi."

Tulipotoka nje aliketi kwenye ukingo wa maua. Nilikaa karibu naye. "Wifi," nilimwambia, "mimi ndiye niliyelitaja jina lako siku ile uliyochaguliwa. Na sikulitaja kwa wema."

"Najua," alisema. "Waliniambia siku hiyo hiyo."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Kazi yenyewe niliipenda."

Wiki saba baadaye muswada ulirudi bungeni, marekebisho yakasomwa, ukapitishwa. Neno joto lilikuwa limefutwa. Palipoandikwa moto pakasomeka moto wa wazi. Kifungu kipya kilikuwa kimeingizwa, cha njia ya pili ya kutokea, na muda wa mwaka mmoja wa kukitekeleza. Vizimia moto vilibaki, na ukaguzi wa nyaya ulibaki. Kemikali nayo ilibaki kama ilivyokuwa, hilo hatukulipata, ingawa wifi alikuwa ameliombea ukurasa mzima. Soli alipaswa kuhamishia gundi yake kwenye banda la nje.

Mkutano wa chama ulijaa hadi watu wakasimama barabarani. Mwenyekiti wetu, tuliyedhani atanuna, alisimama juu ya mfuko wa saruji akasema, "Ndugu zangu, mimi nilikwenda kupiga picha. Katibu alikwenda kupiga kazi." Akashuka, akamshika wifi mkono kwa mikono miwili, kama anavyowashika wakubwa. Kaka yangu alikuwa mlangoni, ameegemea, amekunja mikono. Hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama mkewe kama mtu aliyewahi kuyaona haya yote zamani na kuyanyamazia.

Wifi alisubiri kelele zitulie. "Asanteni. Sasa ajenda ya pili, milango. Nani ataanza?"

Nilinyanyua mkono. Marobota niliyauza kwa hasara, nikabomoa nusu ya meza yangu ya kukatia, na mlango ukafunguka. Nililalamika mwezi mzima kwa kila mteja, na kila mteja nilimmalizia kwa maneno yale yale: aliyeidai sheria hii ni wifi yangu.

Soli alinuna wiki mbili. Ya tatu alivuka barabara na kopo la gundi mkononi, akaliweka kaunta katikati ya mikate.

"Bi Kifungu, hili lisomeke vipi?"

Safari hii jina lile lilitoka mdomoni mwake kama cheo. Wifi aligeuza kopo, akasoma karatasi yake yote, hadi jina la kiwanda. "Sheria imepita, hiyo hatuigusi," alisema. "Lakini waziri atatunga kanuni, na kabla ya kanuni lazima aulize. Kiasi gani cha gundi ni kingi, kiasi gani ni kidogo, hilo litaandikwa kwenye kanuni. Wewe kwa siku unatumia kiasi gani?"

"Sijawahi kupima."

"Basi kaanze leo. Wifi yangu atakuja na futi."

"Gundi haipimwi kwa futi," nilisema kutoka upande wangu wa barabara, kwa sauti, ili na wapita njia wasikie. "Nitakuja na mizani."